Skrabu na maski za uso za kuosha: tunasomaje viambato vyake?

Mwalimu wa Nkuhungu aliuliza:

Habari za jioni wanajukwaa. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na uso wangu una mafuta kwenye paji na pua, lakini mashavu hukauka na kubabuka, hasa kuanzia mwezi Juni, upepo na vumbi vinapoanza. Chunusi zikipona huniachia madoa meusi yanayokaa kwa muda mrefu. Nimenunua vikopo viwili katika duka la vipodozi karibu na soko la Majengo: kimoja ni skrabu yenye chembe za kahawia, na kingine ni maski ya udongo ambayo hupakwa, huachwa kidogo, kisha huoshwa. Muuzaji alinieleza kwamba skrabu inayokwaruza ndiyo inayosafisha, na kwamba maski iachwe mpaka uso ukaze kabisa. Maelezo hayo hayakunitosheleza, kwa hiyo nimeketi kusoma lebo zenyewe.

Lebo ya skrabu inaanza na "Aqua", inafuata "Juglans Regia", kisha glisirini, kisha jina refu linaloishia na salfeti, halafu alkoholi ya setearili, "Parfum", fenoksiethanoli, na mwisho kabisa vitamini E na dondoo ya mshubiri. Hivyo viwili vya mwisho ndivyo vilivyochapwa kwa herufi kubwa upande wa mbele. Lebo ya maski inaanza na "Aqua", kaolini, bentonaiti na glisirini, na katikati yake kuna asidi ya laktiki.

Naomba kufahamishwa mambo matatu. Je, mpangilio wa majina hayo una maana yoyote? Je, neno alkoholi liniogopeshe? Na je, kwa kuwa bidhaa hizi huoshwa baada ya dakika chache, kuna haja gani ya kuhangaika na kilichomo?

Mfamasia, Area C, alijibu:

Mwalimu, swali lako la tatu ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo nitaanza nalo. Kipodozi cha kuoshwa hukaa kwenye ngozi kwa dakika chache tu, na ufupi wa muda huo hupunguza nguvu ya baadhi ya viambato bila kugusa nguvu ya vingine. Vitamini, dondoo za mimea na mafuta ya thamani huhitaji kukaa kwenye ngozi ili vifanye kazi. Vikioshwa, sehemu kubwa huishia kwenye karo. Lakini chembe inayokwaruza humaliza kazi yake palepale unaposugua, sabuni huondoa mafuta ya ngozi ndani ya sekunde, na asidi huanza kazi mara inapogusa uso. Kwa hiyo katika skrabu na maski, tazama kwanza viambato vinavyofanya kazi haraka, kwa sababu faida na madhara ya bidhaa yako vinatoka huko. Vitamini E iliyo mwishoni mwa orodha isikupandishie bei.

Kuhusu mpangilio, ndiyo, una maana. Kwa utaratibu unaofuatwa kimataifa, viambato hupangwa kuanzia kile chenye uzito mkubwa zaidi katika mchanganyiko hadi chenye uzito mdogo, ila vile vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kuandikwa kwa mpangilio wowote anaoutaka mtengenezaji. "Aqua" ni maji. Katika lebo yako chembe zimeshika nafasi ya pili, maana yake zimo kwa wingi, na hiyo ni habari kubwa kuliko chochote kilichoandikwa mbele ya kopo. Kuna alama moja ninayopenda kuitumia: fenoksiethanoli ni kihifadhi ambacho sheria za Ulaya zinakiwekea kikomo cha asilimia 1, na watengenezaji wengi nje ya Ulaya pia hufuata kikomo hicho. Hivyo jina linalokuja baada yake kwa kawaida limo kwa kiasi kidogo sana. Mshubiri wako uko baada yake.

Sasa alkoholi. Kuna alkoholi za aina mbili tofauti kabisa zinazoandikwa kwa neno hilohilo. Alkoholi ya setearili, ya setili na ya stearili ni vitu vyenye asili ya mafuta, vigumu kama nta, vinavyoifanya krimu iwe nzito na laini, wala havikaushi ngozi. Inayokausha ni ile nyepesi inayoruka hewani, ambayo lebo huiandika "Alcohol Denat.". Ikiwa katika majina matano ya mwanzo, mtu mwenye mashavu kama yako aiache dukani.

Salfeti uliyoitaja huenda ni sodiamu lorili salfeti au ndugu yake wa lorethi. Hiyo ndiyo inayotoa povu. Ya lorili ni kali zaidi, na katika uchunguzi wa ngozi hutumiwa makusudi kama kipimo cha kuwasha ngozi. Ukiona glukosidi, kwa mfano ya desili au ya koko, ujue hiyo ni sabuni ya upole zaidi. Glisirini ni rafiki yako: huvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi, na kuwa katika nafasi ya tatu au ya nne ni jambo jema.

"Parfum" ni neno moja linaloweza kuficha manukato kadhaa. Ulaya inawataka watengenezaji wayataje kwa majina yale manukato yanayojulikana kuleta mzio pale yanapozidi asilimia 0.01 katika bidhaa ya kuoshwa, au asilimia 0.001 katika bidhaa ya kubaki kwenye ngozi. Tazama tofauti hiyo: ni mara kumi. Wanaotunga sheria wenyewe wameupa uzito muda wa bidhaa kukaa kwenye ngozi. Hata kihifadhi kiitwacho methilaisothiazolinoni kiliondolewa Ulaya mwaka 2017 katika bidhaa za kubaki kwenye ngozi kwa sababu ya mzio mwingi, lakini katika za kuoshwa kikaruhusiwa kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.0015. Kuoshwa kunapunguza hatari bila kuifuta, na mwenye mzio nacho anaweza kuvimba hata kwa kiasi hicho.

Mama wa saluni, Kisasa, alijibu:

Mwanangu mwalimu, mfamasia ameeleza vizuri, nami naomba niongeze la chembe, maana ndilo ninaloliona kila siku kwenye viti vya saluni.

"Juglans Regia" katika skrabu ni gamba gumu la jozi lililosagwa. Gamba likisagwa halitoki kwa umbo moja. Hutoka vipande vyenye pembe, vingine vidogo na vingine vikubwa. Vivyo hivyo kwa kokwa za aprikoti, ambazo lebo huziandika "Prunus Armeniaca", na kwa unga wa jiwe la volkano lile tunalosugulia visigino. Kwa kisigino sina neno. Kwa uso wenye chunusi nina neno kubwa, kwa sababu ngozi yetu nyeusi ina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi: ikiumia au ikivimba, seli zinazotengeneza rangi huongeza rangi mahali palepale, na doa hubaki hapo kwa miezi mingi baada ya jeraha kupona. Msichana anasugua ili doa litoke, msuguano unaivimbisha ngozi, doa linakolea, naye anaongeza kusugua. Nimewaona wengi walioingia katika mzunguko huo, na dawa ya kwanza ninayowapa ni kuacha kusugua.

Ukitaka skrabu yenye chembe, tafuta chembe za mviringo za nta ya jojoba, ambazo zinateleza, au unga laini wa mchele, ambao lebo huuandika "Oryza Sativa". Sukari nayo ina nafuu moja, kwamba inayeyuka kwenye maji kadiri unavyosugua, kwa hiyo makali yake yanapungua yenyewe. Chumvi pia huyeyuka, ila inachoma penye kidonda. Tumia ncha za vidole, paka kama unayempaka mtoto mchanga mafuta, zungusha kidogo, osha. Mara moja kwa wiki inamtosha mtu wa hapa Dodoma katika miezi ya upepo, kwa sababu hewa yetu kavu na vumbi tayari vimeishambulia ngozi kabla hujagusa kopo. Penye chunusi iliyoiva pasiguswe kabisa.

Kuhusu maski ya udongo kuachwa hadi ikaze, huyo muuzaji alikosea. Kaolini ni udongo mweupe mpole, na bentonaiti ni udongo unaovimba ukipata maji na unaovuta mafuta kwa nguvu zaidi. Vyote viwili hufanya kazi vikiwa bado na unyevu. Ukiona kingo zimeanza kupauka na katikati bado pana unyevu, osha. Ukingoja mpaka uso upasuke kama ardhi ya Bahi wakati wa kiangazi, unabaki na ngozi iliyokauka na kuwasha. Wewe mwenye mashavu makavu, paka paji, pua na kidevu tu, mashavu yaache.

Mwalimu wa Nkuhungu aliandika:

Shikamoo mama, na asante sana mfamasia. Sikuwa nimefikiri kwamba maski inaweza kupakwa sehemu tu ya uso.

Naomba kuongeza mawili. Wenzangu kazini wananishauri niachane na vya dukani nitengeneze mwenyewe: wengine wanataja ndimu na sukari, wengine magadi soda, wengine unga wa ubuyu na asali. Je, vya nyumbani ni salama zaidi? La pili, mwenzangu mmoja amenipa kopo la krimu anayoiita maski ya usiku ya kung'arisha, ambayo hupakwa na kuoshwa asubuhi. Halina orodha ya viambato, lina picha ya mwanamke mweupe na maandishi ya lugha nisiyoijua.

Mkemia, Chamwino, alijibu:

Dada mwalimu, nianze na hilo kopo, kwa kuwa haliwezi kungoja: usilitumie. Maski inayokaa usiku kucha haihesabiki kuwa bidhaa ya kuoshwa hata kama unaiosha asubuhi. Muda wa saa nane hivi ni wa krimu ya kubaki kwenye ngozi. Na kopo la kung'arisha lisilotaja viambato ni mahali hasa ambapo zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kufifisha rangi ya ngozi, hujificha. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuingia mwilini, na inayoumia zaidi ni figo. Katika makopo yanayodiriki kuandika, huitwa kalomeli au kloridi ya zebaki. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni baada ya mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata kikomo hicho, ili kipodozi chochote kilichoongezwa zebaki kisiruhusiwe baada ya mwaka 2025. Haidrokwinoni, ambayo hapa Tanzania imekatazwa katika vipodozi, ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa samawati usiotoka, yaani kinyume kabisa cha kilichotafutwa. Mkorogo wa aina hii mara nyingi huchanganywa pia na dawa za steroidi, ambazo huifanya ngozi iwe nyembamba.

Usimamizi wa vipodozi nchini ulihama kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, kwa hiyo ukiona bidhaa ya namna hiyo dukani, mahali pa kutoa taarifa ni TBS. Lebo isiyo na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi inatosha kuwa sababu ya kulirudisha kopo kwenye rafu.

Kuhusu vya nyumbani, neno "asili" halina kipimo cha kemia ndani yake. Ngozi ya uso ina uasidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba ikishuka uasidi huzidi, ikiwa karibu na 5. Juisi ya ndimu ina pH ya kati ya 2 na 3, ambayo ni kali kuliko asidi nyingi za dukani, na ina kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi. Kwa jua la Dodoma, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ndimu usoni ni hatari ya wazi. Magadi soda yanaelekea upande wa pili: pH yake inazidi 8, na huvuruga uasidi unaoilinda ngozi. Ubuyu na asali havina ubaya huo. Asali huvuta unyevu na huoshwa kwa urahisi. Unga wa ubuyu una uchachu wake, kwa hiyo uwe laini sana, uchanganywe kidogo, na usiwekwe akiba, kwa sababu mchanganyiko wenye maji usio na kihifadhi huota vijidudu haraka. Mafuta ya mbegu za ubuyu, ambayo lebo huyaandika "Adansonia Digitata", ni mazuri, lakini yapake baada ya kuosha, yabaki kwenye ngozi.

Na hapa naomba kutofautiana kidogo na mfamasia. Amesema viambato vingi vyenye thamani huishia kwenye karo, nami nakubali kwa vitamini na dondoo. Lakini vipo ambavyo dakika chache zinavitosha kutenda mema. Peroksidi ya benzoili inayopakwa kwa dakika chache na kuoshwa husaidia chunusi, huku ikiwasha kidogo kuliko inayoachwa. Ila itakutia madoa meupe kwenye taulo na kanga. Asidi ya salisiliki nayo huingia kwenye mafuta ya vinyweleo kwa sababu yenyewe hupenda mafuta. Kwa mtu mwenye chunusi, ningemshauri aweke fedha zake huko badala ya kwenye chembe.

Mfamasia, Area C, alijibu:

Mkemia, nakubaliana nawe, na nyongeza hiyo ni ya haki. Niseme pia kuhusu asidi ya laktiki iliyo katika maski ya mwalimu, kwa kuwa hatujaigusa. Hiyo, pamoja na ya glaikoliki na ya mandeliki, hulegeza gundi inayoshikanisha seli zilizokufa juu ya ngozi, kwa hiyo hufanya kazi ya skrabu bila msuguano. Jopo la wataalamu wa viambato vya vipodozi nchini Marekani liliona kwamba asidi za kundi hili ni salama kwa matumizi ya nyumbani zikiwa hazizidi asilimia 10 na pH ya bidhaa isishuke chini ya 3.5, nayo mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikashauri lebo ziwaonye watumiaji kuhusu jua, kwa sababu asidi hizi huifanya ngozi iungue kwa urahisi zaidi, hali inayorudi kuwa ya kawaida takriban wiki moja baada ya kuacha kuzitumia. Kwa hiyo, mwalimu, maski hiyo ipakwe jioni, na asubuhi upake kinga ya jua. Mwenye ualbino asitumie asidi hizi bila kumwona daktari wa ngozi.

Usitumie skrabu na maski ya asidi siku moja. Hilo nalisisitiza kwa sababu maduka huviuza pamoja kama seti, na mnunuzi hudhani kwamba vimekusudiwa kufuatana.

Kijana wa Ipagala aliandika:

Naomba kujifunza nami. Ninyoapo ndevu hupata vipele shingoni, na rafiki alinipa skrabu ya chembe za buluu zilizo sawasawa kama shanga. Lebo inataja polietilini. Pili, maji ya kisima ya kwetu ni ya chumvi, sabuni haitoi povu. Je, vinahusiana na vipele?

Mfamasia, Area C, alijibu:

Kaka, polietilini ni plastiki. Chembe hizo ni za mviringo, hivyo hazikwaruzi sana, lakini haziozi, nazo hupita kwenye mifereji hadi mitoni na ziwani. Marekani ilitunga sheria ya kuzizuia katika vipodozi vya kuoshwa mwaka 2015, na Uingereza ikafuata mwaka 2018. Ukikuta tarehe ya kopo lako ni ya zamani, huenda ndiyo sababu limefika huku kwa bei nafuu.

Vipele vya ndevu mara nyingi ni nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Kusugua kwa chembe juu ya kipele kilichovimba kutakuachia madoa yaleyale ambayo mama wa Kisasa ameyaeleza. Bidhaa ya kuosha yenye asidi ya salisiliki, isiyozidi asilimia 2, ni bora zaidi kwako, ila si mara tu baada ya wembe kupita.

Maji yenu yasiyotoa povu ndiyo yaitwayo maji magumu. Yana kalisi na magnesi, ambazo hushikana na sabuni ya mche na kutengeneza utando unaobaki kwenye ngozi na kuiwasha. Sabuni za maji za glukosidi au betaini hazifanyi utando huo. Maski ya udongo kwenye maji ya aina hii huhitaji kuoshwa kwa subira: lowesha kwanza kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, ngoja ilainike, kisha ifute bila kukwangua. Ikiwezekana, maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua au yaliyochujwa.

Mwalimu wa Nkuhungu aliandika:

Nimeelewa sasa. Skrabu ya jozi nitaihamishia kwenye visigino, na kopo la kung'arisha silitumii. Swali langu la mwisho ni jinsi ya kuijaribu maski kabla ya kuipaka usoni, na kama inaharibika baada ya kufunguliwa.

Mfamasia, Area C, alijibu:

Ipake kiasi cha sarafu upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, uiache kwa muda uleule ulioandikwa kwenye lebo, kisha uioshe. Usiiache siku nzima, kwa kuwa bidhaa ya kuoshwa ikiachwa huwasha hata ngozi isiyo na mzio. Rudia mahali palepale mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi, kwa sababu mzio wa kugusa unaweza kuchelewa kujitokeza. Pakitoka wekundu, muwasho au malengelenge, acha, na uihifadhi lebo ili umwonyeshe daktari.

Kuhusu kuharibika, tafuta mchoro mdogo wa kopo lililo wazi wenye namba na herufi M. 12M maana yake miezi kumi na miwili tangu kufunguliwa. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu chini ya kopo. Chota kwa kijiko kikavu badala ya vidole, usiongeze maji ndani ya kopo hata udongo ukikauka, na usiliache bafuni wala dirishani penye jua. Harufu ikibadilika au maji yakijitenga juu, litupe hata kama tarehe haijafika.

Mama wa saluni, Kisasa, alijibu:

Na kijiko hicho kisirudi jikoni, mwanangu.